FEDHA ILIYOKUJA KWA MAKOSA: TURUDISHE AU TUSIRUDISHE?

Maneno yaliyosemwa na mjumbe wa wafanyakazi wa reli katika baraza la wafanyakazi, Habaswein. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya waliokuwako na wasiokuwako.



Twawashukuru kwa chai na kwa kivuli. Sisi ni watu wa reli, na huku hakuna reli. Iliyo karibu ni ile ya Nanyuki, na ile inayosemwa kwamba itatoka Lamu ipite Garissa mpaka Isiolo bado imo katika ramani tu. Tumekuja kwa lori kama mtu mwingine yeyote, na njiani tumefahamu kwa nini mji huu ukaitwa Habaswein, maana tumeambiwa kwamba kwa Kisomali jina hilo ni vumbi kubwa. Lakini kibarua ni kibarua, awe ameshika sururu kwenye reli au kwenye barabara. Mlipotuandikia barua, wenzetu wa chama waliona si vizuri kuijibu kwa karatasi tu.

Barua yenu twaitaja tena ili kila mtu ajue ni neno gani tunalolijibu. Mlisema kwamba vibarua wa mkandarasi mmoja walilipwa mshahara wa wiki mbili kwa simu, na kesho yake asubuhi fedha ile ile ikaingia mara ya pili. Siku ya tatu karani wa mishahara akaja mbio kambini akiomba irudishwe. Wengi wakarudisha, watu 15 wakakataa, na tangu siku ile watu wa kambi moja hawali sahani moja. Mkandarasi hatutamtaja, wala kambi, kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea. Mkauliza: chama chasemaje?

Chama chasema rudisheni. Tumelitaja neno hili mwanzo ili asiwepo mtu wa kungoja mpaka jioni akidhani tutageuka. Lakini namna ya kurudisha ndiyo kazi, na tena sababu yetu ya kusema rudisheni si ile aliyoisema mkandarasi. Kwa hiyo mtuvumilie kidogo.

Tuchukue hesabu. Kibarua wa shilingi 800 kwa siku, kwa siku 12, apata 9,600. Kesho yake apata tena 9,600. Hakuna hapa asiyejua fedha hiyo ni nini. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022, na mtu aliyekuwa na mbuzi arobaini akabaki na wanne, ikambidi ashike beleshi. Wengine hata leo hawajamaliza deni la dukani la miaka ile. Simu ya mtu kama huyo ikilia na kumwambia fedha imeingia, hafikirii makosa ya karani. Afikiria Mungu amemwona. Hatumlaumu kwa fikira hiyo. Yuko mzee aliyetuambia asubuhi kwamba riziki huja kwa mlango autakao Mwenyezi Mungu, na sisi hatuna la kubishana naye katika hilo.

Ila sisi wa reli tuna desturi yetu. Behewa la mizigo hutoka Mombasa likiwa na lebo ya kwenda Nakuru. Kwa makosa ya mtu aliyelifunga katika treni nyingine, au aliyesoma namba vibaya usiku, likajikuta limeachwa stesheni ambayo si yake. Stesheni masta wa pale hafungui mlango akasema Mungu amenipa sukari. Hutazama lebo, huandika katika kitabu chake, huarifu Kontroli, ofisi ile inayoongoza safari za treni, na behewa hukaa pembeni likilindwa mpaka lipate injini ya kulipeleka kwake. Kwa nini afanye hivyo, na mwenye sukari hamjui, wala hana udugu naye? Kwa sababu kesho behewa la watu wake yeye litakosea njia nalo. Reli yote hukaa juu ya jambo hili. Kila stesheni ikifungua behewa lililopotea, baada ya mwezi mmoja hakuna mtu atakayepakia mzigo.

Fedha ile ya mara ya pili ilikuwa na lebo. Iliandikwa jina la aliyeituma, na ninyi mlijua kazi mliyofanya ni ya wiki mbili, si nne.

Tuliwauliza wazee wa hapa sheria ya dini inasema nini, maana sisi tulisoma shule ya misheni tu, mpaka darasa la nane, na hatupendi kusema tusiyoyajua. Wakatueleza kwamba kitu kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima, mwenyewe akitafutwa. Hiyo ni kwa kitu ambacho mwenyewe hajulikani. Hapa mwenyewe anajulikana, na tena amekwisha kuja mbio kambini. Hatutaingia zaidi katika mlango huo, masheikh wapo.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe yaliyosemwa na wale 15, kwa sababu si maneno ya kipuuzi.

Neno la kwanza: tajiri ana fedha nyingi, hii haitamwumiza. Ndugu zetu, mnadhani ni tajiri atakayeumia? Tutazame vizuri. Watu 15 kwa 9,600 ni shilingi 144,000. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inampa tajiri ruhusa ya kumkata mfanyakazi aliyekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa fedha, ikiwa fedha imepungua kwa uzembe wake au kwa udanganyifu, na ikiwa kazi hiyo ya fedha imo katika mkataba wake. Huyo ni nani? Ni karani. Ni yule kijana aliyekuja mbio. Tuseme mshahara wake ni 30,000 kwa mwezi. Sheria hiyo hiyo yasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Maana yake aweza kukatwa 20,000 na kubakiziwa 10,000. Ili zitimie 144,000 atakaa hivyo miezi saba, na mwezi wa nane bado atakatwa kidogo. Kisha pengine afukuzwe.

Mtasema, na alipe, makosa si yake? Ndiyo, ni yake. Alibonyeza mara mbili. Lakini mpimieni kwa kibaba mnachotaka mpimiwe ninyi. Dereva akirudi nyuma akagonga nguzo, hataki akatwe bei ya lori zima. Mwenye pampu ya kisima akisahau valvu usiku maji yakamwagika, ataka isemwe kwamba alifanya kazi saa kumi na nne peke yake. Hayo ndiyo maneno tunayoyasema sisi wajumbe kila siku mbele ya matajiri: makosa ya kazini si wizi, na mtu asivunjwe kwa ajili yake. Tutayasemaje mbele ya tajiri ikiwa sisi wenyewe tumemvunja karani?

Wazee waliotutangulia kazini, kabla tiketi hazijalipiwa kwa simu, walituhadithia habari za karani wa tiketi. Jioni alihesabu tiketi alizouza na fedha iliyomo sandukuni. Ikipungua, alilipa yeye. Ikizidi, ziada iliandikwa kitabuni, haikuwa yake. Kwa hiyo abiria aliyerudishiwa chenji ya noti kubwa badala ya ndogo, akaondoka kimya akicheka kwamba ameila serikali, alikuwa amekula chakula cha watoto wa karani. Serikali haikupungukiwa hata senti moja. Hivyo ndivyo makosa ya fedha yalivyo, ndugu: hayapandi juu, huteremka kama maji mpaka yampate aliye chini kabisa, na hapo hukaa.

Na hapa mjini ni vivyo hivyo. Mwendeeni binti anayekaa katika kibanda cha M-Pesa pale sokoni siku ya mnada wa ngamia, watu wamesimama mbele yake, kila mmoja anapiga kelele. Anaandika namba ya simu, anakosea tarakimu moja, na fedha inaingia kwa mtu mwingine. Duka si lake, mtaji si wake. Jioni mwenye duka atahesabu. Siku hizi simu humwonyesha mtumaji jina la anayemtumia, na hilo limewaokoa wengi Nairobi. Huku halisaidii sana, maana ukiita Abdi Mohamed hapo nje watageuka watu kumi.

Neno la pili lililosemwa ni zito zaidi, na twalipa muda. Wale 15 walisema: mkandarasi hajatulipa ovataimu ya miezi mitatu. Sisi ndio tunaomdai. Fedha hii tumeizuia kama rehani.

Tunakiri kwamba neno hili lina nguvu. Mtu aliyedhulumiwa akiona mali ya aliyemdhulumu imefika mkononi mwake, ni vigumu kuiachia. Lakini fanyeni hesabu. Katika wale 15 tumeuliza mmoja mmoja. Mmoja adai saa chache tu, kwa makadirio yake hazifiki shilingi 4,000. Mwingine, aliyekuwa akiendesha mashine usiku, adai zaidi ya 15,000. Wote wawili wamezuia 9,600. Basi yule wa kwanza amechukua kisicho chake, na yule wa pili ameuza haki yake ya 15,000 kwa 9,600, na hakuna aliyemshurutisha. Tena wale waliorudisha, nao wadai ovataimu, wamekaa bila rehani yoyote. Hivyo madai ya kambi nzima, yaliyokuwa madai mamoja, yamekuwa vipande vipande. Tajiri hakuhitaji kutugawa, tumejigawa wenyewe.

Wengine wanaogopa kwamba wakirudisha fedha hii basi ovataimu nayo imekwenda. Siyo. Madai ya mshahara chini ya Sheria ya Ajira yana muda wa miaka mitatu tangu haki ilipokiukwa, na kurudisha kisicho chako hakufuti kilicho chako. Hesabu ni mbili, karatasi ziwe mbili. Ya kwanza yasema: tulipokea mara mbili, hii hapa twairudisha. Ya pili yasema: tulifanya kazi saa hizi, tarehe hizi, hatujalipwa. Zipelekwe siku moja, mkono mmoja. Tajiri akipokea ya kwanza kwa furaha hawezi kujifanya hajaiona ya pili.

Tena lipo jambo la jela. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na mitandao inasema kwamba mtu akizuia kwa makusudi malipo ya elektroniki yaliyomfikia kwa makosa, ambayo yangepaswa kumfikia mwingine, atenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Hatusemi haya kuwatisha. Twasema kwa sababu yuko mtu aliyewaambia kwamba fedha iliyoingia yenyewe katika simu haina kesi. Mtu huyo amewadanganya, na siku ya kesi hatakuwapo.

Mtu mmoja hapa mbele, kijana mwenye kofia nyekundu, ameuliza: na ikiwa hakuna karani? Ikiwa ni mtambo uliokosea wenyewe, nani ataumia? Swali zuri. Jirani zetu wa Ethiopia waliliona jambo hilo mwezi wa Machi mwaka 2024. Benki ya Biashara ya Ethiopia, ambayo ni ya serikali na ndiyo kubwa kuliko zote kule, iliharibikiwa na mitambo yake usiku, ikawa mtu aweza kutoa fedha kuliko aliyo nayo. Habari ikaenea kwa simu katika mabweni ya vyuo vikuu, wanafunzi wakajipanga usiku huo mbele ya mashine za kutolea fedha. Asubuhi mamilioni ya birr yalikuwa yamekwisha toka. Benki ikasema anayerudisha mwenyewe hatashtakiwa, na wengi wakarudisha. Waliobaki, benki ikatoa majina yao na picha zao hadharani. Fikirini mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto wake aende chuo, kisha anaiona picha hiyo. Na fedha ya benki ni ya nani? Ni ya watu walioweka akiba zao, pamoja na wenye duka dogo na wafanyakazi kama sisi. Mtambo hauna mke wala watoto, ni kweli, lakini nyuma yake daima yuko mtu.

Sasa yako mambo ya Fuliza, ambayo tumeona yamewachanganya wengi, na hata sisi tulikaa nayo usiku kucha.

Fuliza ilianza mwaka 2019. Mtu asiye na fedha ya kutosha katika M-Pesa hukopeshwa ili amalize kulipa, na fedha yoyote itakayoingia baadaye hukatwa kwanza kulipa deni hilo na gharama zake. Basi katika wale 15 wako watatu ambao hawakukataa kwa ubishi. Fedha ya pili iliingia, na papo hapo ikamezwa na Fuliza. Mmoja alibakiwa na shilingi 350. Asema: mnanidai nini, mbona sikuishika? Hapa twapaswa kuwa waangalifu. Hakuishika, lakini deni lake la jana leo halipo. Kilicholilipa ni fedha ya mwingine. Kwa hiyo bado anadaiwa, ila deni limehama tu kutoka kwa Fuliza kwenda kwa mkandarasi. Dawa ya deni kulipa, lakini si lazima alipe leo. Mtu huyu si sawa na yule aliyeiweka 9,600 nzima katika simu yake na kuikalia. Tukiwaweka wote katika kapu moja tutakuwa tumefanya kazi ya mkandarasi, ambaye kwake wote ni wezi. (Wazee wasiokopa fedha ya faida walituangalia tulipokuwa tukiyaeleza haya, wakatikisa vichwa. Tuliwaelewa.)

Kwa hiyo namna ya kurudisha ni hii, na ndiyo tuliyokwisha kuzungumza na ofisi ya mkandarasi jana alasiri.

Aliye nayo yote arudishe yote, apewe karatasi yenye sahihi na tarehe. Asikubali kuambiwa neno la mdomo, maana mwezi ujao atakuja karani mwingine na kumkata tena. Aliyeitumia, au aliyemezewa na Fuliza, akatwe kidogo kidogo. Kifungu kile cha 19 kinampa tajiri ruhusa ya kukata mshahara uliozidi kwa makosa. Hilo hatuwezi kulikana. Lakini mpaka wake ni theluthi mbili, na mpaka huo ni wa mwisho, si wa kuanzia. Kwa mtu wa 9,600, theluthi mbili ni 6,400. Akikatwa hivyo atabaki na 3,200 kwa wiki mbili, na hapo unga, sukari, maji ya mkokoteni na fedha ya nyumbani vyote vimo. Tumeomba wakate theluthi moja, yaani 3,200, mara tatu, na mtu abaki na 6,400 ya kula. Ofisi imekubali kwa mdomo. Twangojea iandike.

Na kwa karani tumeomba jambo moja: fedha ikirejea, asikatwe wala asifukuzwe. Hapo walinyamaza kidogo. Lakini mjue kwamba ombi hilo lina uzito mkononi mwenu tu. Kila mmoja anayerudisha humpunguzia karani mzigo, na kila anayezuia humwongezea tajiri sababu ya kumwondoa.

Tulitaka kusema pia juu ya fedha ya mtu na mtu, si ya tajiri, kwa sababu huko ndiko watu wanakoibiwa. Behewa lililopotea hulisukumi kwa mikono kwenda stesheni lilikotoka, utaleta ajali. Waarifu Kontroli. Kadhalika fedha. Mtu akikupigia simu akilia kwamba amekutumia 3,000 kwa makosa, kwanza tazama salio lako mwenyewe, usiamini ujumbe. Wezi wengi huandika ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, wala hakuna fedha iliyoingia, na wewe ukirudisha umetoa yako. Na hata ikiwa imeingia kweli, usiitume wewe kwa namba atakayokutajia. Mwambie aupeleke ule ujumbe wake wa kutuma kwa namba 456, kampuni iirudishe yenyewe. Ukimtumia wewe, naye akaomba irudishwe, utakuwa umelipa mara mbili. Wewe kazi yako ni kuiacha ikae, usiitoe. Mtu mwaminifu atakushukuru kwa maelezo hayo. Mwizi atakutukana na kukata simu, na hapo umemjua.

Iko namna nyingine ya makosa ambayo haikumo katika barua yenu, nasi twaipita upesi. Mara nyingine ofisi humzidishia mtu kidogo kidogo, shilingi mia tano kila mwezi, miaka miwili, naye hajui, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa hesabu. Kisha siku moja ofisi inaamka na kumkata yote. Tumewaona wenzetu yakiwapata hayo katika kampuni moja, na chama kilipiga kelele, na hata leo tungepiga. Mtu aliyekula kwa nia njema asivyojua si kama aliyejua. Ndiyo maana twawasumbua kila siku juu ya karatasi ya mshahara: isomeni, na asiyejua kusoma amwulize mwenziwe, si lazima awe karani.

Sasa twarudi kwenye sahani.

Nchi hii yenu imekaa juu ya uaminifu kuliko nchi nyingi tulizopita. Mtu yuko Eastleigh, anamtumia mama yake fedha kwa hawala, na kwa miaka mingi kilichohitajika kilikuwa ni jina na namba ya simu tu. Mwezi wa Aprili mwaka 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilizifunga kampuni 13 za kupeleka fedha, mpaka mwezi wa Juni. Wazee mliokuwapo mwakumbuka miezi ile, namna duka la hapa lilivyowakopesha watu kwa neno la mdomo tu likingoja njia zifunguliwe. Hakuna sheria iliyomlazimisha mwenye duka.

Na wengi wenu mna mama zenu katika mpango ule wa kukinga njaa uliolipwa na serikali na wafadhili katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Ulifika shilingi 5,400 kwa kila miezi miwili, kwa kadi ya benki. Fikirini tarakimu moja ya namba ya mama imekosewa, fedha ikaingia kwa mtu asiyemjua huko Lodwar. Mngetaka mtu yule aseme nini? Mngetaka afikirie benki ni tajiri?

Kwa hiyo kwa wale waliorudisha siku ya kwanza twasema: tumesikia mnaitwa vibaraka wa mkandarasi. Hilo likome leo. Walimlinda mfanyakazi mwenzao, na jina la mtu kama huyo katika chama si kibaraka. Na kwa wale 15 twasema: tumesikia mnaitwa wezi. Hilo nalo likome. Watatu wamemezewa na Fuliza. Wanne wamekwisha sema mbele yetu leo asubuhi kwamba watarudisha, na mmoja wao alikuwa amefunga simu yake katika kitambaa, hajaigusa, akingoja tu mtu wa kumpa karatasi. Waliobaki wanane wanazo fikira zao, na wamekuja barazani, hawakukimbia. Mtu anayekuja barazani bado ni mwenzetu.

Karani wa mishahara naye yuko hapa. Amekaa nyuma kule, karibu na tangi la maji, kwa kuwa hakuwa na hakika kama atakaribishwa. Aje mbele, apewe chai.

Mwenyekiti ametuonyesha saa. Meza itawekwa chini ya mti baada ya sala ya adhuhuri. Upande mmoja zitaandikwa fedha zinazorudishwa, kila mtu apewe karatasi yake. Upande wa pili zitaandikwa saa za ovataimu, tarehe kwa tarehe. Asiyekumbuka aje na mtu aliyefanya naye kazi usiku ule. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba, wino upo. Lori letu laondoka kesho alfajiri, na karatasi zote mbili zitakabidhiwa ofisi ya mkandarasi kabla hatujapanda.

Kama kuna maswali, tuko tayari.